Shamba la Banani, Pemba: Biashara ya Karafuu Katika Utumishi wa Kanisa na Jamii

Kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja huwa na desturi zake. Huorodhesha wachungaji waliotangulia, wainjilisti, wazee wa kanisa, tarehe za kuwekwa mawe ya msingi na majina ya waliochangia kengele na mabenchi. Desturi hiyo ni njema, kwa kuwa watu wasiowakumbuka waliowatangulia hukosa shukrani. Lakini katika orodha hizo kuna kundi moja ambalo husifiwa upesi na kuchunguzwa kidogo, nalo ni la Wakristo wenye biashara: wenye mashamba ya miti, wenye viwanda vya mbao, wenye maduka na magari. Tunaandika kiasi walichotoa, tunapiga makofi, kisha tunapita. Ni mara chache tunauliza mali ile ilipatikanaje, na waliovuja jasho katika kuipata walilipwa nini.

Sura hii inalitazama swali hilo kwa njia ya historia. Inasimulia habari za shamba moja la miti katika kisiwa cha Pemba, shamba la mikarafuu lililoitwa Banani, na habari za Wakristo wawili waliolianzisha, Henry Stanley Newman na Theodore Burtt. Hawakuwa Walutheri. Walikuwa watu wa Chama cha Marafiki, ambao kwa Kiingereza huitwa pia Quakers. Hata hivyo habari zao zinagusa moja kwa moja chanzo cha kanisa letu katika pwani hii, kwa sababu kazi ya Walutheri nayo ilianza katika kizazi kilekile, na mbele ya watu walewale waliokuwa wakitoka utumwani.

Kisiwa cha mikarafuu

Mabaharia Waarabu waliiita Pemba Kisiwa cha Kijani, na msomaji aliyewahi kufika huko atakubali kwamba jina hilo linaistahili. Ni nchi ya vilima vifupi na mabonde yenye maji, iliyo umbali wa kilometa hamsini hivi kutoka bara, na ardhi yake ina rutuba kuliko sehemu kubwa ya Unguja. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku katika nchi ya leo ya Indonesia. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Seyyid Said bin Sultan, aliyeuhamishia utawala wake Zanzibar kutoka Omani, aliwahimiza wenye ardhi waupande kwa wingi.

Mti huo unadai uvumilivu. Mbegu huoteshwa kwanza kitaluni penye kivuli, kisha mche huhamishiwa shambani, na mwenye shamba hungoja miaka sita au minane kabla ya kuona mavuno ya maana. Mti ukishakua huweza kuzaa kwa miongo mingi. Karafuu yenyewe ni tumba la ua. Ni lazima lichumwe kabla halijafunguka, kwa maana likichanua thamani yake huanguka. Kwa hiyo msimu ukifika hakuna nafasi ya kungoja. Wachumaji hupanda juu, huvuta matawi kwa uangalifu yasivunjike, hushuka na vikonyo vyao, kisha hukaa kuchambua karafuu na makonyo. Baada ya hapo karafuu huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa, na mvua ikinyesha ghafla watu wote wa nyumbani hukimbia kuzianua. Shamba kubwa lisilo na mikono mingi kwa wakati mmoja ni hasara tupu.

Katika karne ya 19 mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Mnamo mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala la karafuu la dunia, na haja ya watumwa huko ikaongezeka wakati uleule ambapo njia za kuwapata zilikuwa zikifungwa. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Katika soko la Mkunazini, mjini Unguja, Waanglikana wa UMCA waliweka jiwe la msingi la kanisa lao siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Lakini majahazi yaliendelea kuvuka usiku kuelekea Pemba, na manowari za Kiingereza ziliendelea kuyawinda. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kulipekua jahazi lililobeba watumwa.

Amri ya 6 Aprili 1897

Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Tarehe 1 Agosti mwaka huo Sultani Ali bin Said alipiga marufuku kuuza na kununua watumwa. Amri hiyo ilizuia biashara, lakini aliyekuwa mtumwa alibaki mtumwa. Nchini Uingereza watu wa dini waliona aibu kwamba bendera ya nchi yao inapepea juu ya nchi yenye utumwa halali. Mwaka 1895 Chama cha Kupinga Utumwa kilimtuma Donald Mackenzie kuja kuchunguza hali ya Unguja na Pemba, na taarifa yake iliongeza shinikizo.

Agosti 1896 Waingereza waliishambulia kasri ya Unguja kwa mizinga, katika vita ambavyo havikufika hata saa moja, wakamweka Hamoud bin Mohammed kwenye kiti cha usultani. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud alitoa amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba.

Inafaa tuyaangalie masharti ya amri ile, kwa kuwa hapo ndipo ulipo mzizi wa habari za Banani. Kwanza, uhuru haukuja wenyewe. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba. Pili, bwana wake alilipwa fidia na serikali, lakini yule aliyefanya kazi bila malipo maisha yake yote hakulipwa kitu. Tatu, aliyeachwa huru alitakiwa aonyeshe kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki. Akishindwa, angehesabiwa kuwa mzururaji. Nne, masuria hawakuhusishwa katika amri ile. Wao walipata haki hiyo mwaka 1909, ilipotolewa amri nyingine iliyomaliza yaliyosalia.

Katika Pemba msimamizi wa mambo hayo alikuwa J. P. Farler, kasisi mkuu wa zamani wa UMCA huko Magila katika nchi ya Bonde, ambaye sasa alikuwa mtumishi wa serikali. Serikali ilikuwa na hofu kubwa ya karafuu kuozea mitini. Kwa hiyo wengi walioachwa huru walifungwa kwa mapatano ya kubaki katika mashamba ya mabwana wao wa zamani, wakitoa siku kadhaa za kazi kila wiki ili wapate kibanda na kipande cha kulima muhogo. Wenye mashamba na maofisa wengi walisema jambo moja kwa kauli moja: mtu mweusi akiachwa huru hatafanya kazi, na mti wa karafuu hauwezi kutunzwa kwa mikono ya hiari.

Marafiki na biashara

Chama cha Marafiki kilianza Uingereza katika karne ya 17 kwa mahubiri ya George Fox. Ibada yao hufanyika kwa ukimya, wakimngoja Roho Mtakatifu. Hawana sakramenti za nje kama sisi tulivyo nazo. Hawabatizi kwa maji wala hawaadhimishi Meza ya Bwana kwa mkate na divai. Mlutheri anayeushika Ungamo la Augsburg hawezi kukubaliana nao katika hayo, na si kusudi la sura hii kuzifunika tofauti hizo.

Lakini katika jambo la utumwa Marafiki walitangulia makanisa mengi, letu likiwa mojawapo. Mwaka 1688 huko Germantown, Pennsylvania, Marafiki wanne waliandika hati ya kupinga kumiliki watumwa, na mmoja wao alikuwa Francis Daniel Pastorius, mwanasheria Mjerumani aliyelelewa katika nyumba ya Kilutheri. Mwaka 1761 mkutano wao mkuu wa London uliamua kuwatenga washiriki waliofanya biashara ya watumwa. Na ilipoundwa kamati ya London ya kukomesha biashara hiyo mwaka 1787, waasisi tisa kati ya kumi na wawili walikuwa Marafiki.

Jambo la pili la kukumbuka ni biashara zao. Kwa muda mrefu sheria za Uingereza ziliwafungia Marafiki milango ya vyuo vikuu na vyeo vya serikali, kwa sababu walikataa kula viapo na kujiunga na kanisa la taifa. Wengi wakaingia katika biashara na viwanda. Familia za Cadbury, Rowntree na Fry zilizotengeneza chokoleti zilikuwa za Marafiki, na benki za Barclays na Lloyds zina mizizi huko. Walijulikana kwa kutaja bei moja kwa wote bila kupigizana bei, na kwa kushika neno lao. Mshiriki aliyefilisika kwa uzembe aliulizwa na kanisa. Kwao daftari la hesabu lilikuwa jambo la kiroho.

Henry Stanley Newman alikuwa mtu wa mkondo huo. Alikuwa mwenye duka la vyakula katika mji mdogo wa Leominster, akaanzisha huko nyumba za yatima, akatumika kwa miaka mingi katika uongozi wa misheni ya Marafiki, na kuanzia mwaka 1892 akawa mhariri wa gazeti lao, The Friend. Hakuwa amesomea uchungaji, kwa kuwa kwao hakuna wachungaji wa kuwekewa mikono. Alikuwa mfanyabiashara aliyeitoa akili ya biashara yake iwe sadaka.

Kufika Pemba

Mwanzoni mwa mwaka 1897, katika majira yaleyale ya amri ya Sultani, Newman alifika katika visiwa hivi akiwa pamoja na Theodore Burtt. Newman alikuja kutazama na kuweka msingi, kisha akarudi Uingereza. Burtt alikuja kukaa.

Walikuwa wametumwa na Marafiki wa Uingereza kuanzisha kile walichokiita misheni ya kazi za mikono. Maana yake ni kituo ambacho Injili ingehubiriwa pamoja na kazi yenye ujira, ili aliyeachwa huru apate mahali pa kusimama. Mfano huo haukuwa mgeni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa na kijiji cha uhuru huko Bagamoyo tangu mwaka 1868, UMCA walikuwa na shamba la Mbweni katika Unguja tangu mwaka 1871, na CMS walikuwa na Freretown karibu na Mombasa tangu mwaka 1875. Tofauti ya Pemba ni kwamba watumwa wenyewe walikuwa bado wako hapohapo, katika mashamba ya jirani, wakiangalia.

Marafiki walinunua shamba la mikarafuu lililoitwa Banani, kando ya ghuba ya Chake Chake. Newman aliandika kitabu kuhusu safari na mwanzo huo, kikachapishwa London mwaka 1898, nacho alikipa jina la shamba lenyewe: Banani.

Yatupasa kulitambua kusudi la ununuzi huo. Misheni ingeweza kujenga shule na kanisa kwa michango ya Uingereza, ikaacha mambo ya karafuu kwa wenye karafuu. Marafiki hawakufanya hivyo. Waliingia katika biashara ileile iliyotegemea watumwa, katika kisiwa kilekile, kwa mti uleule, na kuuza katika soko lilelile. Wakisema kwamba shamba linaweza kuendeshwa kwa ujira, jirani angeweza kuja na kuhesabu mwenyewe pishi za karafuu zilizokauka juu ya majamvi.

Kazi ya shambani

Kazi ya Burtt ilikuwa ya mambo mengi yasiyo na utukufu. Shamba la mikarafuu linahitaji kufyekwa majani mara kwa mara ili wachumaji wapite na mti usisongwe. Miti iliyokufa ni lazima ifidiwe kwa miche mipya, na miche hiyo haitazaa mpaka miaka mingi ipite. Msimu ukifika huhitajika watu wengi mara moja, na msimu ukiisha wengi hukosa kazi. Isitoshe, mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa neema hufuatwa na mwaka mbaya, na bei hupanda na kushuka kwa sababu zinazotoka mbali, London na Bombay. Msimamizi anayetaka kulipa watu wake bila kukosa katika hali kama hiyo hulala akiwa na hesabu kichwani.

Watu walioachwa huru walipokelewa Banani, wakapewa kazi ya malipo na mahali pa kujenga na kulima chakula chao. Palikuwa na mafunzo ya kusoma na kuandika, huduma kwa wagonjwa, na ibada. Fedha ya wakati ule ilikuwa rupia na pesa. Kwa mtu aliyezaliwa utumwani, kupokea pesa mkononi kwa kazi ya siku zake, mbele ya mashahidi, lilikuwa fundisho ambalo hakuna hotuba ingeweza kulitoa. Torati ya Musa inaamuru kwamba ujira wa kibarua usilale kwa mwenye mali mpaka asubuhi, na mtume Yakobo anawaambia matajiri kwamba ujira waliouzuia unapiga kelele. Banani mafungu hayo yalitafsiriwa kwa vitendo kabla ya kuhubiriwa.

Burtt alifanya na kazi ya pili. Aliwaandikia Marafiki wa Uingereza juu ya jinsi amri ya 1897 ilivyokuwa ikitekelezwa polepole, na jinsi mtu mnyonge alivyopata taabu kuufikia uhuru ambao sheria ilikuwa imeutangaza. Jambo hili lilimweka mahali pagumu. Alikuwa na shamba, kwa hiyo alikuwa mwenye ardhi miongoni mwa wenye ardhi, mwenye kuhitaji wachumaji kama wao na kutegemea usalama wa serikali kama wao. Mfanyabiashara wa namna hiyo hushawishika kunyamaza. Yeye hakunyamaza.

Na lile lililoogopwa halikutokea. Walioachwa huru hawakukaa bure, na uzao wa karafuu wa visiwa hivi haukuporomoka. Watu walifanya kazi. Walichokataa ni kufanya kazi kama watumwa. Walichagua mahali pa kwenda, walichuma kwa malipo ya pishi wakati wa msimu, walilima muhogo na mpunga wakati mwingine, na walimwacha mwenye shamba mkali wakaenda kwa mwenye shamba mwenye kiasi. Baadaye vibarua wa kulipwa kutoka bara na wachumaji kutoka kusini mwa Unguja walivuka kwenda Pemba wakati wa mavuno. Haitakuwa haki kusema kwamba shamba moja ndilo lililoyaleta hayo yote. Lakini Banani ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza palipothubutu kuyaonyesha hadharani.

Swali la ardhi

Historia ya kanisa inayosifu tu haiwafai wanaoisoma. Kwa hiyo tuseme na lile ambalo Banani haikulitatua.

Mtu aliyetoka utumwani alitaka ujira, naam, lakini alitaka zaidi ardhi yake. Alitaka mahali ambapo angepanda mkarafuu leo na mjukuu wake auchume. Mti wa miaka mingi haupandwi na mtu asiyejua kama mwakani atakuwa angali pale. Katika Pemba wenyeji Wapemba walikuwa na viambo vyao na mikarafuu yao pamoja na mashamba ya Waarabu, na waliooana na kuishi pamoja kwa vizazi walikuwa wengi. Aliyeachwa huru hakuwa na kiambo. Alikuwa mkaaji juu ya ardhi ya mwingine. Aliruhusiwa kulima vyakula vya msimu, lakini mti ulibaki wa mwenye shamba.

Misheni nayo ilikuwa mwenye shamba. Ingawa ilikuwa na moyo mwema na mkono ulio wazi, hati ilikuwa jina lake. Mkaaji wa Banani alikuwa huru, alikuwa analipwa, watoto wake walijifunza kusoma, lakini alikuwa juu ya ardhi ya wazungu wa misheni na chini ya kanuni zao. Hali hiyo haikuwa ya Banani peke yake. Ilikuwa hivyo Mbweni, ilikuwa hivyo Bagamoyo, na kwa namna yake ilikuwa hivyo katika stesheni nyingi za misheni bara, ambako neno "watu wa misheni" lilikuwa na maana mbili: watu wa imani, na watu wanaokaa kwa ruhusa.

Swali la ardhi katika visiwa hivi lilikuja kujibiwa kwa njia nyingine na kwa maumivu mengi, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, pale serikali ilipotaifisha ardhi na kuwagawia wananchi mashamba ya eka tatu tatu. Miaka karibu 70 ilikuwa imepita tangu amri ya Sultani Hamoud. Ni muda mrefu wa kumngojesha mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba yu huru.

Kanisa dogo

Kwa hesabu ya wabatizwa au washiriki, misheni ya Pemba haikuwa kubwa. Pemba ilikuwa nchi ya Kiislamu, na imebaki hivyo. Wengi walioachwa huru walikuwa Waislamu tayari, au walitamani kuwa Wapemba kamili kati ya majirani zao, na njia ya kuwa Mpemba ilipita msikitini. Msomaji atalinganisha na Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ambako mwaka 1902 Marafiki kutoka Marekani walianzisha misheni ya kazi kama hiyo, penye msitu, wakajenga kiwanda cha kupasua mbao na kufundisha useremala. Kutoka Kaimosi lilitoka kanisa ambalo leo ni miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya Marafiki duniani. Kutoka Banani ilitoka jamii ndogo, iliyobaki Pemba hata baada ya wamisionari.

Je, tuseme kwamba Banani ilishindwa? Tukipima kwa madaftari ya ushirika, jibu litakuwa fupi. Lakini yule mwenye shamba katika mfano wa Bwana Yesu, aliyetoka saa ya kwanza, ya tatu, ya sita, ya tisa na ya kumi na moja kuwatafuta waliokaa sokoni bila kazi, hatuambiwi kwamba aliwauliza dini yao. Aliwapeleka shambani, na jioni akamwamuru msimamizi awaite na kuwalipa. Mamia ya watu wasiojiunga kamwe na Marafiki waliishi katika kisiwa ambamo mtu mmoja mwenye mikarafuu alikuwa akilipa na kulalamika kwa niaba yao. Huo nao ni ushuhuda, na Mungu ana madaftari yake.

Kwetu sisi Walutheri

Wazee wetu wa imani katika pwani hii waliingia katika habari ileile kwa mlango mwingine. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Huko Usambara, mwaka 1896, yaani mwaka mmoja kabla ya Burtt kufika Pemba, kilifunguliwa kituo cha Lutindi kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani, ambacho baadaye kikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Kwa hiyo tunapoimba shukrani katika jubilei zetu, tukumbuke kwamba miongoni mwa waliokuwa wa kwanza kuimba nyimbo hizi kwa Kiswahili walikuwamo watoto wasiojua walizaliwa wapi.

Leo kanisa letu lina miti mingi. Katika nyanda za juu za kusini, Njombe, Mufindi na Kilolo, familia za Kikristo na sharika zimepanda paini na milingoti, na mbao hizo zinasomesha watoto na kuezeka makanisa. Katika Dayosisi ya Kaskazini vijana wa kipaimara wamefundishwa kupanda miti kama sehemu ya malezi yao, kazi iliyohimizwa sana na Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT hadi muhula wake ulipokwisha na Askofu Alex Malasusa kuchaguliwa mwaka 2023. Tunao pia washiriki wetu wafanyabiashara wa mbao, watu wakarimu, ambao bila wao majengo mengi tunayoyaadhimisha katika kitabu hiki yasingesimama.

Kwa ndugu hao, na kwa sharika zenye miradi ya miti, Banani inaacha maswali matatu ambayo kamati ya fedha inaweza kuyaweka juu ya meza. La kwanza: je, aliyefyeka, aliyepalilia na aliyepasua mbao alilipwa kwa wakati, na kwa kiasi ambacho sisi wenyewe tungekubali kulipwa? Fungu la kumi lililotokana na ujira uliocheleweshwa ni sadaka yenye kilema. La pili: je, hesabu ziko wazi, kiasi kwamba jirani asiye wa imani yetu anaweza kuzisoma na kuridhika? La tatu, ambalo ndilo Banani ililiacha bila jibu: je, yule anayeutunza mti ana sehemu katika mti? Usharika wenye ekari nyingi na vibarua wasio na hata ekari moja haujamaliza kulitafakari neno uhuru, hata kama unawalipa vizuri kila Jumamosi.

Mkarafuu uliopandwa na mtu wa miaka sitini utachumwa na wengine, na ndivyo ilivyo paini pia. Anayepanda miti kwa ajili ya kanisa anawaandikia barua watu ambao hatawaona. Basi katika karne ya pili ya usharika huu, tunapokabidhiana mashamba na majengo, tukabidhiane pia na majina ya waliofanya kazi hiyo kwa mikono yao, na hati zitakazowapa wao na watoto wao fungu lao. Mungu aliyewatoa watu wake katika nyumba ya utumwa hakuwaacha jangwani. Aliwapa na nchi ya kukaa. Atukuzwe yeye sasa na hata milele. Amina.